Ukataji wa Aya kwa Mashine: Maelezo Yatokanayo na Maandishi ya Kibaha na Kisarawe

Katika makala hii nataka kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa ni la mafundi wa kompyuta peke yao, lakini ambalo kwa kweli lawahusu wachunguzi wa lugha kuliko mafundi. Nalo ni hili: mtu akiandika maandishi katika programu ya kuhariri tovuti, kisha akayatoa yasomwe, aghalabu yale yasomwayo si sawasawa na yale aliyoyaandika. Maneno ni yale yale, wala herufi hazikupungua, lakini mahali pa kukatia pamebadilika. Mistari iliyokuwa minne imekuwa mmoja, au ubeti mmoja umekuwa aya nne, au nafasi iliyoachwa makusudi imezibwa. Mashine ndiyo iliyofanya hayo, kwa kanuni yake yenyewe, wala haikumwuliza mtu.

Nililijua jambo hili kwa njia ya aibu. Katika mwaka 2021 na 2022 nilikuwa nikikusanya, pamoja na wanafunzi wachache, hadithi, nyimbo na mashairi katika wilaya mbili za Mkoa wa Pwani, Kibaha na Kisarawe. Upande wa Kibaha tulikaa zaidi Mlandizi na Soga. Upande wa Kisarawe tulipita Masaki na Maneromango. Wenyeji wa pande hizo wengi wao ni Wazaramo, na upande wa Kibaha wako pia Wakwere. Lugha zao, ambazo Guthrie katika mpango wake wa lugha za Kibantu alizitia katika kundi la G30, Kikwere ikiwa G32 na Kizaramo G33, siku hizi husemwa zaidi na wazee. Vijana husema Kiswahili. Kwa hiyo tuliyoyakusanya si ya kuchezewa, maana baadhi ya waliotupa hawatakuwapo kutusahihisha. Tuliyaandika, tukayahakiki, tukayatia katika tovuti ndogo ili watu wa vijiji vyenyewe waweze kuyasoma katika simu zao. Kisha nikarudi Maneromango, nikamfungulia mzee mmoja shairi lake mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka zaidi ya sabini, mzoefu wa kusoma kwa sauti. Akasoma mistari miwili akanyamaza, akanirudishia simu, akasema, "Mwalimu, maneno haya ni yangu, lakini pumzi si yangu. Mbona mmenikata kila nilipokuwa sijamaliza?"

Nilipotazama nikaona alivyosema kweli. Kila mshororo ulikuwa umesimama peke yake, na chini yake nafasi pana kama ile iachwayo kati ya aya na aya. Baina ya ubeti na ubeti nafasi ilikuwa ni ile ile. Msomaji asiyelijua shairi asingeweza kusema ubeti waanzia wapi na kuishia wapi.

Ili tuelewe jinsi jambo hili litokeavyo, yatupasa kwanza tujue namna mashine isomavyo. Lugha ya alama iitwayo HTML, ambayo kurasa za tovuti huandikwa kwayo, haijali mstari mpya. Mwandishi akibonyeza kitufe cha Enta mara moja au mara kumi, akiacha kati ya neno na neno nafasi moja au ishirini, HTML kwa kawaida huzihesabu zote kuwa ni nafasi moja tu. Ili aya ionekane, kwa kawaida hutiwa alama ya kufungua mwanzoni na ya kufunga mwishoni, ambayo herufi yake ni p. Na ili mstari ukatike pasipo kuanza aya mpya, hutiwa alama nyingine, br. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 hiyo p ilikuwa kitenganishi tu, mfano wa nyota iwekwayo na mpiga chapa kati ya sehemu mbili. Hata kanuni za HTML 2.0 zilipotolewa mwezi wa Novemba 1995, ilikwisha kuwa chombo kibebacho aya nzima. Tofauti hii si ndogo. Kitenganishi chasema, "hapa pana mpaka", chombo chasema, "kitu hiki chote ni aya." Na mashine ikikwisha kusema kuwa kitu ni aya, huwa haiwezi tena kukubali kuwa ni mshororo.

Sasa, watu wa kawaida hawaandiki alama hizo kwa mkono. Hubonyeza Enta wakaendelea. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa programu za kuhariri waliweka kanuni ya kuyatafsiri mabonyezo hayo. Iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya WordPress, programu iliyotolewa mwezi wa Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ikitokana na nyingine iliyoitwa b2. Kanuni hiyo jina lake wpautop, na ukiiondolea matawi yake madogo, yasema hivi: penye mstari mtupu, kata aya, pasipo mstari mtupu, bali mstari mpya tu, tia br, penye mistari mitupu mitatu, minne au zaidi, ihesabu kuwa ni mmoja. Basi.

Kwa mwandishi wa nathari hii ni rehema, wala sitaki nionekane naidharau. Pasipo kanuni hiyo, kila mwalimu wa shule aandikaye habari za shule yake katika tovuti angelazimika kujifunza alama za HTML kabla ya kujifunza kuandika habari. Lakini yafaa msomaji aliweke moyoni jambo moja ambalo baadaye litatuletea msiba: kanuni hiyo hufanya kazi wakati ukurasa unapotolewa kwa msomaji, si wakati wa kuandika. Katika ghala ya maandishi yenyewe, kwa namna ya zamani ya kuhariri, hamna alama ya p hata moja; mna mistari mitupu tu. Aya zote zionekanazo ni kazi ya wpautop, ifanywayo upya kila ukurasa unapotayarishwa.

Mwezi wa Desemba 2018, toleo la 5.0 lilipotoka, mambo yakabadilika. Kihariri kipya hugawa maandishi katika vipande viitwavyo bloku, na kila Enta huanzisha bloku nyingine ya aya. Alama za aya sasa huandikwa ndani ya ghala, na ukurasa wenye bloku haupitishwi tena chini ya wpautop. Walakini wengi wamebaki na namna ya zamani, na tovuti yetu ilikuwa na kurasa za namna zote mbili, maana kompyuta ya Kibaha na ile ya Kisarawe hazikuwekwa na mtu mmoja. Nayo ndiyo sababu makosa yetu hayakufanana: yaliyoandikwa Kibaha yaliharibika kwa namna moja, ya Kisarawe kwa namna nyingine, na mimi nikayatafuta chanzo chake kwa muda wa wiki mbili nikidhani ni uzembe wa wanafunzi.

Kabla ya kuendelea na dawa, napenda nisimame kidogo kwenye neno lenyewe aya. Tumelipata kwa Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni ishara, na kisha aya ya Kurani. Aya ya Kurani haina uhusiano wowote na mstari mpya. Ile ya kwanza katika Sura ya Ar-Rahman ni neno moja tu. Ile ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, ndefu kuliko zote, katika misahafu mingi yajaza ukurasa mzima. Zote mbili huishia kwa alama iliyotiwa ndani ya mstari, na maneno yafuatayo huendelea papo hapo. Wakristo nao walilitwaa neno hilo kwa vifungu vya Biblia. Ndipo baadaye, pamoja na shule na matbaa, likapewa maana hii ya tatu, ya fungu la nathari lianzalo kwa mstari mpya. Basi neno letu moja lina mipaka ya namna tatu, na mashine yajua mmoja tu.

Na si neno tu. Waandishi wa pwani walipokuwa wakiandika barua kwa herufi za Kiarabu hawakuacha nafasi tupu baada ya salamu. Waliandika "wabaadu," na msomaji akajua kuwa salamu zimekwisha, sasa yaja maneno yenyewe. Mpaka ulikuwa katika neno, si katika karatasi. Kadhalika katika miswada ya tenzi, ubeti aghalabu huandikwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitengwa kwa alama ndogo. Nilipokuwa nikisoma London niliona baadhi ya miswada ya namna hiyo katika maktaba ya SOAS. Na hapa Dar es Salaam tunayo ile iliyokusanywa na J.W.T. Allen na wenziwe, ambayo orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Wahariri wa herufi za Kirumi walipokuja, wengi wao waliupanga ubeti ule ule katika mistari minne, kila kipande na mstari wake. Hatuwezi kuwalaumu, lakini yatupasa tukumbuke kuwa walichagua. Kukata mstari ni kufasiri. Tofauti ya wakati wetu ni kwamba ufasiri huo sasa hufanywa na kitu ambacho hakijui kuwa chafasiri.

Nitaonyesha kwa mfano. Sipendi kutumia shairi la mzee wangu wa Maneromango pasipo ruhusa yake, kwa hiyo nimeunga ubeti wangu mwenyewe, ambao thamani yake ni ya kuhesabiwa tu:

Kibaha nilipotoka, kwenda zangu Kisarawe,
Kalamu nikaishika, nikaandika mwenyewe,
Wazee walitamka, ili nami nielewe,
Mashine ikayapoka, ikatupa kama mawe.

Kila mshororo una mizani 16, nane katika kipande cha kwanza na nane katika cha pili. Kina cha kati ni -ka, cha mwisho ni -we. Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954 kimewafundisha wengi hesabu hii, asingepata taabu kuukagua. Sasa tuupeleke kwenye mashine. Mwanafunzi wa Kisarawe, mwenye kihariri kipya, amezoea kubonyeza Enta mwisho wa kila mshororo, kama alivyofundishwa na kila mtu. Kwake ubeti huu hutoka hivi:

Kibaha nilipotoka, kwenda zangu Kisarawe,

Kalamu nikaishika, nikaandika mwenyewe,

Wazee walitamka, ili nami nielewe,

Mashine ikayapoka, ikatupa kama mawe.

Hizo ni aya nne. Mwanafunzi wa Kibaha yeye alitumia kihariri cha zamani, lakini aliyanakili maneno kutoka katika faili ambamo mistari ilikuwa imepotea njiani, na kwake ukatoka hivi:

Kibaha nilipotoka, kwenda zangu Kisarawe, Kalamu nikaishika, nikaandika mwenyewe, Wazee walitamka, ili nami nielewe, Mashine ikayapoka, ikatupa kama mawe.

Na yuko wa tatu, ambaye kwa kutaka kurekebisha alitia Enta baada ya kila koma, akapata vipande vinane vya mizani nane nane, kila kimoja mstari wake. Huyu ndiye aliyeniogopesha zaidi, maana ukurasa wake ulikuwa mzuri kwa macho. Kina cha kati na kina cha mwisho hutofautiana kwa mahali pake tu. Mahali pakiondolewa, -ka na -we huwa ni vina viwili vya daraja moja vinavyopokezana, na shairi la mizani 16 lachukua sura ya utungo mwingine kabisa, wenye mistari minane mifupi. Mtu asiyelisikia likighaniwa hana njia ya kugundua.

Msiseme kuwa hilo haliwezi kumdanganya msomi. Nilipata kupewa tasnifu niitahini, ambayo ndani yake mwandishi alikuwa amehesabu beti za mashairi kadha yaliyotolewa katika tovuti. Programu yake ya kuhesabia ilichukua kila aya kuwa ubeti mmoja, jambo ambalo kwa vitabu vilivyopangwa vyema lingekuwa sawa. Shairi la beti 12 likaandikwa kuwa lina beti 48, na juu ya msingi huo zikajengwa kurasa kadha za hoja kuhusu "ubeti wa mshororo mmoja." Niliikamata kwa bahati tu, kwa sababu moja ya mashairi hayo nalijua kwa moyo. Mengine nisingeyakamata. Ndiyo maana nasema jambo hili ni letu, si la mafundi: mpaka wa mshororo ni ushahidi, na ushahidi ukiharibiwa kabla ya kumfikia mchunguzi, elimu yake yote haitamfaa.

Wazo la kwanza limjialo mtu ni kuizima kanuni. Yawezekana, na ni rahisi mno. Katika faili la kazi la mandhari ya tovuti huandikwa mstari mmoja tu:

remove_filter( 'the_content', 'wpautop' );

Kijana wetu mmoja wa Kibaha, hodari wa mambo haya, aliuandika mstari huo jioni moja bila kuniambia, kwa nia njema ya kumaliza matata ya mashairi. Mashairi ya namna ya zamani, yale aliyoyatilia alama kwa mkono, yakakaa vizuri. Lakini asubuhi yake nikapigiwa simu kutoka Mlandizi: hadithi zote zimekuwa "kama uji." Nilifungua nikaona hadithi ya kurasa nane imemwagika katika fungu moja lisilo na mwanzo wala pumziko, wimbo wa ndani ya hadithi umechanganyika na maneno ya msimulizi, hata mtu asijue nani aimba na nani asema. Msomaji atakumbuka nililosema juu: katika ghala hamkuwamo alama ya p. Aya tulizokuwa tukiziona kwa miaka miwili hazikuwa zetu; zilikuwa za wpautop, naye alipofukuzwa akaondoka nazo. Tuliufuta mstari ule, aya zikarudi mara moja, na tukapata kujua ni kiasi gani cha uhariri wetu tulikuwa tumekikabidhi kwa mtumishi tusiyemjua.

Kwa hiyo sikubaliani na wale washauri wasemao kwamba dawa ni kuizima kanuni kwa tovuti nzima. Ni dawa kwa tovuti mpya isiyo na kitu. Kwa ghala yenye maandishi ya miaka, ni hatari. Iliyo salama ni kuizima kwa aina moja tu ya kurasa. WordPress humruhusu mwenye tovuti kuanzisha aina yake ya ukurasa, nasi tulianzisha moja tukaiita "shairi". Kisha mstari ule ule tukauwekea sharti, kwamba ufanye kazi pale tu ukurasa unapokuwa wa aina hiyo. Hadithi zikabaki chini ya kanuni ya zamani, mashairi yakawa huru, na kila mshororo katika mashairi hayo ukatiliwa alama zake kwa mkono. Kazi ni kubwa, lakini hufanywa mara moja.

Kwa asiyeweza kugusa mafaili ya tovuti, na wengi wetu ni hao, ziko njia mbili ndogo. Katika kihariri kipya kuna bloku iitwayo Verse, yaani ya ushairi. Humo Enta haianzishi aya bali mstari, mistari mitupu hubaki kama ilivyoachwa, na hata nafasi za ziada kati ya maneno huheshimiwa. Katika kihariri cha zamani yafaa kuyafunga maandishi ndani ya alama ya pre, kwa kuwa wpautop imeagizwa isiguse kilichomo humo. Kasoro ya pre ni kwamba herufi zake hutoka za upana mmoja, mfano wa taipureta, na wengine hawazipendi. Mimi sizichukii, na hata hivyo zaweza kubadilishwa katika karatasi ya mitindo. Na kwa haja ndogo, kama ubeti mmoja uliotajwa ndani ya makala, yatosha kushika kitufe cha Shifti pamoja na Enta mwisho wa kila mshororo, na Enta peke yake mwisho wa ubeti. Jambo hili dogo laweza kufundishwa kwa dakika tano. Sisi tulilifundisha baada ya miaka miwili.

Walakini njia zote hizo hutengeneza sura tu. Alama ya pre huiambia mashine "usiguse". Haiiambii kwamba hiki ni kipande na kile ni kiitikio. Katika HTML hakuna kabisa alama ya mshororo wala ya ubeti, na hakuna hila itakayoileta. Kwa hiyo nakala ya asili, ile itakayowafaa watakaokuja, isiwekwe katika tovuti peke yake. Wanafilolojia wa nchi nyingi wameafikiana tangu mwaka 1987 juu ya mpango uitwao TEI, ambao ndani yake fungu la mistari ya ushairi lina alama yake, lg, na mstari wa ushairi una yake, l, na hata pumziko la katikati ya mstari limepewa alama, caesura, ambayo kwa mashairi yetu yatosha kabisa kuonyesha mpaka wa vipande viwili. Nakala hiyo ikikwisha kuandikwa, kurasa za tovuti zaweza kutolewa kwayo na kompyuta, na zikiharibika hutolewa tena. Sisi tumeanza na mashairi ya Kisarawe, maana ndiyo yaliyoumia zaidi.

Hadithi zina taabu ya namna yake, nayo kwangu ina ladha zaidi kuliko ile ya mashairi. Msimulizi hana mstari mtupu. Ana "basi," ana "hata siku moja," ana kikohozi, ana kimya. Wanafunzi wangu walipoanza kuandika kutoka katika sauti zilizonaswa, walijiwekea sheria kuwa kila "basi" yaanza aya. Matokeo yalikuwa aya za maneno sita. Nikakaa nao Mlandizi siku mbili kusikiliza upya, tukaona kwamba bibi mmoja, msimulizi hodari kuliko wote tuliowapata, alikuwa na "basi" mbili. Moja ilikuwa fupi, imeunganishwa na neno lifuatalo, na kazi yake ni kusukuma hadithi mbele. Nyingine ilivutwa, sauti ikashuka, kukawa na kimya, ndipo mandhari ya hadithi ikabadilika. Hiyo ya pili ndiyo aya. Mashine haiwezi kuzitenga, na katika maandishi zote mbili huandikwa kwa herufi nne zile zile. Hapana budi sikio la mtu liamue, kisha kidole chake kiache mstari mtupu kwa kujua. Baada ya hapo wpautop ni mtumishi mwema, kwa sababu haongezi wala hapunguzi kitu katika uamuzi huo.

Kuhusu mifano ya kiisimu, ile ya mistari mitatu ambamo neno la Kizaramo huwekwa juu, uchanganuzi wa mofimu katikati na tafsiri chini, nitasema kwa ufupi: msijaribu kuipanga kwa nafasi tupu. Nafasi zitazibwa, mofimu zitahama, na kiambishi cha nafsi kitaonekana kuwa chini ya mzizi. Tumieni jedwali, au pre.

Limebaki jambo la simu. Watu wa Kisarawe na Kibaha hawasomi tovuti katika kompyuta. Husoma katika kioo chembamba kama kiganja, na mshororo wa mizani 16 mara nyingi hauenei humo. Ukifungwa ndani ya pre ya kawaida, haukatiki kabisa, bali hutoka nje ya kioo, na kipande cha pili kikawa hakionekani mpaka msomaji asukume kwa kidole. Ukiachiwa ukatike, hukatika popote, pengine katikati ya kipande. Tulifanya hivi: kila mshororo tuliufunga peke yake, na kila kipande ndani yake tukakifunga pia, kisha katika karatasi ya mitindo tukaagiza kwamba kioo kikiwa chembamba kipande cha pili kishuke chini, na kisogezwe ndani kiasi cha herufi tatu. Kwa kusogezwa huko msomaji hujua kuwa hajaanza mshororo mpya, na kina cha kati hakijifanyi kuwa cha mwisho. Katika kompyuta vipande hurudi kukaa sambamba. Nilimpelekea tena mzee wa Maneromango. Alisoma beti tatu kwa sauti pasipo kusimama, akaniuliza tu kwa nini tumeandika jina la kijiji chake kwa herufi ndogo.

Lile ambalo hatujalipatia dawa ni nyimbo za kupokezana. Katika wimbo mmoja wa akina mama wa Mlandizi, waitikiaji huanza kiitikio kabla kiongozi hajamaliza mstari wake, na silabi mbili au tatu hupandana. Mstari haukatiki mahali popote. Sauti mbili zapita pamoja. Tumejaribu jedwali la safu mbili, tukaona kwamba linawafanya waonekane kana kwamba waimba nyimbo mbali mbali. Kwa sasa tumeweka sauti iliyonaswa kando ya maandishi, na mstari tumeukata pale kiongozi alipovuta pumzi.